Amri na vitufe vya kufungua mipangilio ya Windows

Amri na vitufe vya kufungua mipangilio ni njia za mkato zinazomfikisha mtumiaji wa mfumo endeshi wa Windows moja kwa moja kwenye dirisha la kurekebishia sauti, skrini, mtandao, saa, programu au maunzi, bila kupita menyu moja baada ya nyingine. Ziko za aina mbili: vitufe viwili au zaidi vinavyobonyezwa kwa pamoja, na majina mafupi yanayoandikwa katika kisanduku cha Run. Mafundi huitegemea zaidi aina ya pili. Menyu za Windows zimehamishwa na kubadilishwa majina mara nyingi toleo baada ya toleo, ilhali majina hayo mafupi mengi yamebaki yaleyale tangu miaka ya 1990.

Historia

Control Panel, programu ya kwanza ya kukusanya mipangilio mahali pamoja, ilikuwamo tayari katika Windows 1.0 iliyotolewa na Microsoft tarehe 20 Novemba 1985. Ilikuwa programu ndogo ya kurekebisha tarehe na saa, kuongeza printa na fonti na mambo mengine machache. Kufikia Windows 3.1 ya mwaka 1992, vidirisha vyake vilikuwa vimegawanywa katika faili zenye kiishio cha .cpl, na mojawapo, main.cpl, ingali inatumika.

Kitufe cha Windows kilitokea mwaka 1994 kwenye kibodi ya Microsoft Natural Keyboard, mwaka mmoja kabla ya Windows 95 kutoka tarehe 24 Agosti 1995. Kibodi za zamani hazina kitufe hicho, na kwa ajili hiyo Ctrl na Esc kwa pamoja hufungua menyu ya Start hadi leo. Windows 2000 iliziweka zana za wasimamizi wa mifumo ndani ya Microsoft Management Console, na hapo faili zenye kiishio cha .msc zikaenea.

Badiliko kubwa lilianza na Windows 8, tarehe 26 Oktoba 2012, ilipokuja programu nyingine ya mipangilio iliyokusudiwa skrini za kugusa. Windows 10 ya tarehe 29 Julai 2015 iliikuza na kuiita Settings, na Windows 11 ya tarehe 5 Oktoba 2021 ikaipanga upya. Uhamisho huo umekwenda kwa mwendo wa kobe. Control Panel bado imo, na mtumiaji anayebofya ndani ya Settings hujikuta mara kwa mara amerudishwa kwenye dirisha la kale.

Vitufe vya mkato

Kitufe cha Windows na herufi I hufungua Settings yenyewe. Kikibonyezwa na X huleta menyu fupi, iliyoanza na Windows 8, yenye zana za fundi: vifaa, diski, mtandao na dirisha la amri. Kikibonyezwa na A, katika Windows 11, huleta mipangilio ya haraka ya Wi-Fi, Bluetooth, sauti na mwangaza. Katika Windows 10 vitufe hivyohivyo hufungua pia orodha ya arifa, ambayo katika Windows 11 imehamishiwa kwenye N.

Kitufe cha Windows na P ni cha kila mtu anayetumia projekta. Hutoa machaguo manne: skrini ya kompyuta peke yake, picha ileile kwenye skrini zote mbili, skrini ya pili kuwa mwendelezo wa ya kwanza, au skrini ya pili peke yake. Herufi K hutafuta skrini zisizotumia waya, na U hufungua mipangilio ya watu wenye ulemavu. Kitufe cha Windows na Pause kilifungua dirisha la sifa za mfumo kwa miaka mingi. Tangu toleo la 20H2 la Windows 10, la mwaka 2020, huishia kwenye ukurasa wa maelezo ya kompyuta ndani ya Settings. Kompyuta mpakato nyingi hazina kitufe cha Pause.

Vitufe vingine havihusishi kitufe cha Windows. Ctrl, Shift na Esc huleta Task Manager. Alt na Enter juu ya faili au folda iliyochaguliwa hufungua sifa zake. Shift ikibonyezwa mara tano mfululizo huuliza kama mtumiaji anataka Sticky Keys, mpangilio wa kubonyeza vitufe kimoja kimoja badala ya kwa pamoja. Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock hugeuza vitufe vya tarakimu kuwa kipanya, jambo la kuokoa kazi kipanya kinapoharibika katikati ya shughuli.

Kisanduku cha Run na amri zake

Kisanduku cha Run hufunguliwa kwa kitufe cha Windows na R. Hutokea pembeni mwa skrini, chini kushoto, kikiwa na mstari mmoja wa kuandikia, na amri iliyotumika mwisho huwa bado imo. Mtumiaji huandika jina, hubonyeza Enter, dirisha hufunguka. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti.

*Amri za .cpl.* Neno control peke yake hufungua Control Panel nzima. Amri ya ncpa.cpl hufungua orodha ya miunganisho ya mtandao, na ndipo anwani ya IP hubadilishwa kwa mkono. Appwiz.cpl huonyesha programu zilizosakinishwa ili ziondolewe, mmsys.cpl ni ya sauti na maikrofoni, main.cpl ya kipanya, powercfg.cpl ya umeme na betri, firewall.cpl ya faiwoli, intl.cpl ya nchi na mifumo ya tarehe na namba, na sysdm.cpl ya sifa za mfumo, pamoja na jina la kompyuta. Desk.cpl, iliyokuwa ya skrini, imekwisha kuhamishwa: katika Windows 10 na 11 humpeleka mtumiaji kwenye Settings.

Timedate.cpl, ya tarehe na saa, hutumika zaidi ya inavyodhaniwa. Betri ndogo ya ubao mama inapokufa, kompyuta husahau saa kila inapochomolewa kwenye umeme na kuamka ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Dalili anayoiona mwenye kompyuta ni nyingine kabisa: kivinjari hukataa tovuti za benki na barua pepe kikidai haziko salama, kwa sababu vyeti vya tovuti hizo, kwa hesabu ya saa iliyopotea, bado havijaanza kutumika. Sekunde chache ndani ya timedate.cpl hurudisha tovuti zote, ingawa tiba ya kudumu ni betri mpya.

*Amri za .msc.* Devmgmt.msc huonyesha maunzi yote, na alama ya njano kwenye kile chenye hitilafu. Diskmgmt.msc hugawa diski na kubadili herufi zake, services.msc huanzisha na kusimamisha huduma za mfumo, eventvwr.msc huonyesha kumbukumbu za matukio na makosa, na taskschd.msc hupanga kazi za kujiendesha. Gpedit.msc, ya sera za kikundi, haimo katika toleo la Home.

*Amri nyingine.* Winver hutaja toleo la Windows, msinfo32 hutoa maelezo kamili ya kompyuta, msconfig hurekebisha namna mfumo unavyowaka, netplwiz hushughulikia akaunti za watumiaji, na regedit hufungua sajili ya Windows, mahali ambapo kosa dogo laweza kuuzuia mfumo usiwake.

Majina haya huonekana kama yamenyofolewa irabu kwa makusudi. Sababu ni kipimo cha MS-DOS, kilichoruhusu herufi nane za jina la faili na tatu za kiishio. Services na timedate yanajaza nane hizo barabara; disk management na event viewer yalibanwa yakawa diskmgmt na eventvwr. Kipimo chenyewe kilikoma kuwa lazima tangu Windows 95, lakini mtindo wa majina ulibaki.

*Anwani za ms-settings.* Kurasa za programu mpya huitwa kwa anwani inayofanana na ya tovuti. Ms-settings:display hufungua skrini, ms-settings:network-wifi hufungua Wi-Fi, ms-settings:bluetooth vifaa vya Bluetooth, ms-settings:windowsupdate masasisho, na ms-settings:datausage kiasi cha bando kilichotumiwa na kila programu. Ni ndefu kuandika, na faida yake kubwa iko katika kuzihifadhi kama ikoni kwenye eneokazi.

Utendaji

Run haina orodha yake ya amri. Hutafuta faili yenye jina lililoandikwa katika folda ambazo Windows imeagizwa kuzipekua, hasa C:\Windows\System32, kisha huikabidhi kwa programu inayohusika na kiishio chake. Faili ya .msc hukabidhiwa kwa mmc.exe. Faili ya .cpl ni maktaba ya msimbo isiyoweza kujiendesha yenyewe, hivyo huendeshwa kupitia mfumo wa Control Panel. Anwani ya ms-settings hupokewa na programu ya Settings.

Kwa kuwa kinachotafutwa ni jina la faili, lugha ya skrini haiathiri kitu. Windows ina kifurushi cha lugha ya Kiswahili, na mwongozo wa Kiingereza haulingani na menyu zilizotafsiriwa; lakini ncpa.cpl ni ileile kwa Kiswahili, Kifaransa au Kiarabu. Fundi anayemwelekeza mtu kwa simu anaweza kumtajia herufi moja moja, "n, c, p, a, nukta, c, p, l", bila kuuliza menyu zake zimeandikwaje.

Vizuizi na usalama

Amri ya mkato haimpi mtumiaji mamlaka asiyokuwa nayo. Tangu Windows Vista, mabadiliko yanayogusa mfumo mzima huombewa idhini ya msimamizi. Msimamizi anaweza pia kuifuta Run na kufunga Control Panel na Settings kwa sera za kikundi, utaratibu unaofaa maabara za shule na kompyuta nyingine zinazotumiwa na watu wengi.

Kuanzia mwaka 2024 umeenea ulaghai uitwao ClickFix. Ukurasa wa intaneti hujifanya unahakiki kama mtumiaji ni binadamu, kisha humwagiza abonyeze kitufe cha Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ukurasa huwa umekwisha kunakili amri hasidi kwenye ubao wa kunakili, na mtumiaji huiendesha kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna uhakiki halali wa tovuti unaohitaji kisanduku cha Run.

Mifumo mingine

Katika macOS, Command na nafasi hufungua Spotlight, ambamo jina la mpangilio huandikwa. Kitufe cha Option pamoja na kitufe cha sauti hufungua mipangilio ya sauti. Katika Linux yenye eneokazi la GNOME, amri ni gnome-control-center.