Mjusi Mwenye Ndevu na Chakula cha Ugenini

Mwaka 1926 mtaalamu wa Kijerumani, Ernst Ahl, aliandika maelezo ya kwanza ya kisayansi ya mjusi anayeishi katika nyika kavu za ndani ya Australia. Leo anaitwa Pogona vitticeps. Akitishwa hutunisha koo lake lenye miiba hadi likafanana na ndevu nyeusi, na hapo ndipo lilipotoka jina lake la mitaani.

Tangu miaka ya 1960 Australia imezuia biashara ya kuuza wanyamapori wake nje. Hata hivyo mijusi hao walivushwa kwa magendo, wakazaana Ulaya na Marekani, na wengi wanaofugwa huko leo ni vizazi vyao. Waliowapokea hawakujua vyema wanakula nini kwao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulichunguza matumbo ya mijusi wa porini na kukuta humo kumbikumbi kwa wingi, pamoja na majani.

Kizimbani walipewa nyenje na saladi. Nyenje wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na saladi ile nyeupe ni maji zaidi kuliko lishe. Mjusi anayelishwa hivyo, tena bila jua, mwili wake huanza kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa: taya hulegea, miguu hupinda, mwisho hashiki hata mdudu. Ni kifo cha polepole, na kinauma zaidi kwa sababu mfugaji huamini anamlisha vizuri. Ndiyo maana ukaja utaratibu wa kuwanyunyizia wadudu unga wa kalsiamu na kuwasha taa ya miale ya UVB, ambayo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D3. Watoto hupewa wadudu zaidi. Wakubwa, mboga za majani kama sukuma wiki. Spinachi ni ya mara mojamoja tu, kwa kuwa oksaleti yake huishika kalsiamu isifike mwilini. Parachichi halitolewi kabisa: lina sumu ya pesini, inayojulikana kudhuru ndege na mbuzi.

Hatari kubwa kuliko zote ilitoka kwa mdudu anayependwa na watoto. Mwaka 1999 watafiti, akiwemo Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell, walieleza vifo vya mijusi hao waliokula vimulimuli wa Marekani wa jenasi Photinus. Mjusi hupanua kinywa, ngozi ikawa nyeusi, kisha akafa muda mfupi baadaye. Kimulimuli mmoja anatosha. Ana sumu ya moyo inayofanana na ya chura, na ndege au mjusi wa Marekani aliyezaliwa jirani naye huwa na nafasi ya kujifunza kumwepuka. Mgeni kutoka Australia humkamata tu kama mdudu yeyote mwingine. Kwa hiyo madaktari wa mifugo huwahimiza wafugaji wanunue wadudu waliofugwa, wasiwaokote uani usiku, ambako pia kuna wadudu waliopuliziwa dawa.