Thamani ya Uzi

Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno mmoja, jina lake Duarte Barbosa, aliandika habari za miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Katika habari za Sofala, mji ambao leo umo katika nchi ya Msumbiji, alitaja jambo dogo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita bila kulitazama. Waislamu wa huko, asema, walilima pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini rangi hawakuwa nazo. Basi walichukua nguo za buluu zilizoletwa kwa vyombo kutoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua, kisha wakaufuma upya uzi ule pamoja na uzi wao mweupe.

Natulifikiri jambo hili. Nguo iliyovuka bahari yafumuliwa, si kwa kuwa imechakaa, bali kwa kuwa uzi wake una thamani. Wala Sofala haikuwa peke yake katika ufundi huo wa kufuma. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zikifumwa huko na kupelekwa hata Misri. Na katika magofu ya Kilwa wachimbuaji wameokota vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, navyo vilikuwa vya kusokotea pamba. Mtu aliyejua ni siku ngapi zimekwenda katika shuka moja hakuwa mwepesi wa kuitupa.

Fundi huyu alishindwa na mashine. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikaleta kitambaa cha pamba kilicho imara na cha bei nafuu. Watu wakakipenda, wakakiita merikani, na jina hilo lingali nasi. Lakini pamba iliyosokotwa katika viwanda vya Massachusetts ilitoka majimbo ya kusini, ambako ililimwa na watumwa. Unafuu wa merikani ulilipiwa na watu ambao mnunuzi wa Unguja hakuwaona kamwe.

Katika zama zetu, pamoja na watu, maji na ardhi navyo vimetiwa katika malipo hayo. Mfano mkubwa kuliko yote uko katika Asia ya kati, mpakani mwa Kazakhstan na Uzbekistan. Mwaka 1960 Bahari ya Aral, ambayo kwa kweli ni ziwa, ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 hivi, karibu sawa na Ziwa Victoria letu. Serikali ya Muungano wa Sovieti iliyaelekeza maji ya mito miwili iliyolilisha, Amu Darya na Syr Darya, katika mashamba ya pamba. Pamba ikastawi, na ziwa likakauka. Ilipofika mwaka 2007 lilikuwa limebaki kama sehemu moja katika kumi. Samaki walikufa kwa chumvi. Mashua za wavuvi wa Moynaq zikaachwa juu ya mchanga, maji yakiwa mbali nazo. Na upepo ukapeperusha vumbi lenye chumvi na dawa za mashambani hadi vijijini. Sehemu ya kaskazini imerudisha maji kiasi tangu ukuta wa Kok-Aral ulipomalizika mwaka 2005. Ya kusini haikupata bahati hiyo. Mwanafunzi wa Kisumu na afikiri ufuo wake ukihama hivyo katika umri wa mtu mmoja.

Hata hivyo pamba huoza ikarudi udongoni. Nguo nyingi za leo ni za poliesta, itokanayo na mafuta ya petroli: haiozi upesi, na kila ifuliwapo nyuzi ndogo mno huchopoka na kuingia majini. Wenye viwanda hutoa mitindo mipya kila baada ya wiki chache, ili ya mwezi uliopita ionekane kuukuu ingawa haijapauka. Nyingi ya hizo hufungwa marobota na kuletwa kwetu. Mimi si miongoni mwa wanaoilaani mitumba yote. Shati livaliwalo mara ya pili Gikomba limeongezewa maisha, na limemlisha muuzaji. Lakini katika robota hutoka pia nguo zisizofaa hata kwa bei ya bure, na hizo huishia katika jaa la Dandora na kingo za Mto Nairobi.

Mwaka 2007 Mwingereza aitwaye Kate Fletcher alieneza wazo la mavazi ya polepole: nguo chache, zilizoshonwa vizuri na watu waliolipwa vizuri, zikavaliwa miaka mingi na kutiwa viraka. Bibi zetu, walioigeuza kanga kuukuu kuwa mbeleko na mwishowe tambara, hawakulihitaji jina hilo. Mafundi cherehani wa Gikomba nao hufumua mishono ya suruali pana na kuishona upya kwa kimo cha mnunuzi. Ila wao hukomea kwenye mshono. Mfumaji wa Sofala aliweza kurudi mpaka kwenye uzi. Katika vitambaa vingi vya leo pamba na poliesta zimesokotwa pamoja, na hata viwanda vikubwa hupata taabu kuzitenganisha.