Fasihi ya Kiingereza katika kidato cha tano na cha sita (Tanzania)

Fasihi ya Kiingereza katika kidato cha tano na cha sita kwa muda mrefu ilifundishwa kama sehemu ya somo la Kiingereza katika ngazi ya juu ya sekondari nchini Tanzania. Kwa miaka mingi imesomwa na wanafunzi wa tahasusi za HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Mtihani hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 baada ya nchi kujitoa katika baraza la pamoja la Afrika Mashariki mwaka 1971. Katika mpangilio huo, karatasi ya kwanza ilipima lugha, ya pili fasihi.

Lugha

Mwanafunzi wa Chamwino au Mpwapwa mara nyingi huzungumza Kigogo nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza. Riwaya anayopewa kidato cha tano basi imeandikwa kwa lugha yake ya tatu. Muda nao ni mfupi: masomo huanza Julai, na mtihani hufanyika Mei, takribani miezi 22 baadaye, likizo zikiwemo.

Kinachompungukia si mawazo. Dhamira, mhusika, mandhari na kejeli amekwisha kuzisoma katika fasihi ya Kiswahili, na mwalimu anayemkumbusha hivyo humwondolea nusu ya hofu.

Vitabu

Miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana ni A Man of the People cha Chinua Achebe (1966), The Beautyful Ones Are Not Yet Born cha Ayi Kwei Armah (1968), na tamthilia ya I Will Marry When I Want ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ambayo ilitungwa kwanza kwa Kikikuyu na kuigizwa Kamĩrĩĩthũ, Kenya, mwaka 1977.

Tamthilia ya Henrik Ibsen, An Enemy of the People (1882), inatoka Norwei, lakini katika uwanda wa kati hueleweka upesi kuliko mtu anavyodhani. Daktari anagundua kwamba maji ya bafu za tiba zinazouletea mji wake mapato yamechafuka. Wakubwa wanataka anyamaze, na umma unamgeukia. Dodoma ni eneo kame, na mji wenyewe umetegemea kwa muda mrefu visima vya Makutupora. Darasani hakuna haja ya kueleza kwa nini watu hugombana juu ya maji. Swali gumu ni lingine: je, walio wengi wanaweza kukosea? Hapo mjadala hupamba moto.

Mtihani

Maswali hudai hoja pamoja na ushahidi kutoka vitabuni. Wanafunzi wengi husoma vijitabu vya muhtasari tu, wakaorodhesha "rushwa, usaliti, matabaka" bila kujua nani alimwambia nani nini, na katika hali gani. Mwingine husimulia hadithi yote badala ya kujibu swali. Pale nakala ni chache, kusoma kwa sauti kwa zamu husaidia, hasa tamthilia, kwa kuwa maneno yaliyofumba kwenye karatasi hufunguka yakitamkwa na wahusika.

Njia nyingine, isiyotumika vya kutosha, ni kulinganisha na tafsiri. Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare (1963) na The Merchant of Venice, iliyoitwa Mabepari wa Venisi (1969). Ukurasa mmoja wa Kiswahili ukiwekwa kando ya ule wa Kiingereza huonyesha mengi kuhusu uteuzi wa maneno.