Mbwa Hana Funza: Utetezi wa Neno Tekenya

Kipeperushi kimoja cha ushauri wa mifugo kilichopita mikononi mwa watu wa Michenga, hapa Ifakara, kinamwambia mwenye mbwa kwamba mnyama anayeshinda akitafuna nyayo zake huenda amepatwa na "upenyezwaji wa viroboto ngozini", yaani "ugonjwa wa funza". Niliposoma maneno yale ya kwanza nilidhani mpiga chapa amekosea. Niliposoma ya pili nikajua ni kamati ya istilahi.

Huo upenyezwaji hauna haja ya kunichosha. Kupenyeza ni kazi ya mtu: watu hupenyeza magendo, hupenyeza bahasha chini ya meza. Kiroboto huyu hapenyezwi na yeyote. Hupenya mwenyewe, kichwa mbele, wala hamwombi mtu ruhusa. Mwanafunzi wa sekondari angeliona kosa hilo la mnyambuliko, na sina shaka wajumbe nao wangeliona kama chai isingekuwa imeshaletwa. Ugomvi wangu ni na hilo la pili, ambalo limekubaliwa na wengi hata likaonekana halina kasoro.

Funza ni nini? Muulize mkulima wa pamba kule Usukumani, atakuonyesha funza wa vitumba. Mwenye mahindi atapasua bua akuonyeshe funza wa mabua. Muuza nyama atakwambia nyama ikilala bila chumvi huingia funza. Katika mifano yote hiyo funza ni buu: mdudu mchanga, laini, asiye na mbawa, ambaye kesho atakuwa nzi au nondo. Mbwa naye huwapata funza wa namna hiyo. Kidonda chake kikiachwa wazi, nzi hutaga humo. Tena yuko nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa. Buu akitotolewa huingia ngozini na kuotesha jipu. Ndiyo sababu mama zetu hupiga pasi nguo za mtoto pande zote mbili. Binadamu kwa nzi huyo ni bahati mbaya tu. Mwenyeji wake wa kawaida ni mnyama kama mbwa.

Sasa mchukue mbwa wa Michenga aliyelala uani wakati wa kiangazi, mpunga umeshavunwa na vumbi limeanza kutifuka. Mguu wa mbele ameubana kati ya taya. Anatafuna kwa meno ya mbele, harakaharaka, analamba, anatulia kidogo, anarudia. Kama manyoya yake ni meupe, yale ya kati ya vidole yamegeuka rangi ya kutu kwa sababu ya mate. Mtanue vidole taratibu. Pembeni ya unyayo, au karibu na ukucha, utaona uvimbe mdogo wa mviringo, mweupe wa kuelekea manjano, na katikati yake nukta nyeusi. Nukta hiyo ni ncha ya nyuma ya kiroboto jike aliyejizika ngozini. Kupitia hapo anavuta hewa, anatoa kinyesi na kudondosha mayai. Alipoingia alikuwa na urefu wa milimita moja hivi. Katika muda wa wiki mbili hivi amejaa mayai hata kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Huyo si buu, wala hatakuwa nzi. Ni mdudu mzima, mwenye miguu sita, tena mjamzito.

Mwambie mwenye mbwa kwamba huyo naye ni funza, uone kitakachofuata. Buu wa nzi dawa yake inajulikana mtaani: unaziba tundu kwa mafuta mazito, akikosa hewa anajitokeza, unambinya anatoka mzima. Ukimbinya yule mwenye nukta nyeusi anapasukia ndani, mabaki yanabaki ngozini, vijidudu vinapata pa kuingilia, na mbwa aliyekuwa akichechemea anaacha kabisa kukanyagia mguu huo. Jina moja limepewa wadudu wawili, na hasara imeangukia nyayo.

Wala jina la pili halihitaji kubuniwa. Kiswahili kinalo, kamusi zetu zinalo, na wazee wa pwani bado wanalo mdomoni: tekenya. Kutekenya kila mtu anakujua. Ni kule kumgusa mtoto mbavuni mpaka aangue kicheko. Aliyewahi kuingiwa na mdudu huyu hahitaji kuelezwa uhusiano uliopo. Siku za kwanza hakuna maumivu. Kuna mnyeo wenye utamu wa ajabu, unaokufanya usugue kidole kwenye ukingo wa kitanda usiku kucha. Maumivu huja baadaye. Aliyeanza kumwita tekenya alikuwa na mwili unaosikia na sikio linaloshika.

Jina hilo haliwezi kuwa la kale sana kwa maana hiyo, kwa sababu mdudu mwenyewe ni mgeni. Kwao ni Amerika ya Kusini na Amerika ya Kati. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazili ikatia nanga Ambriz, Angola, ikiwa na mchanga uliowekwa kuipa uzito, na ndani ya mchanga huo alikuwamo yeye. Alivuka bara kwa nyayo za wapagazi na askari wa misafara, na karne ya 19 haikwisha kabla hajafika pwani yetu. Hapakuwa na semina wala posho, na wenye miguu wakampatia jina kabla ya wenye kalamu.

Wanasayansi humwita Tunga penetrans, na hilo Tunga ni jina alilokuwa nalo kwa Watupi wa Brazili. Hapa ndipo alipojitokeza mpinzani wangu mmoja, msomi ambaye sitamtaja kwa kuwa anapenda kutajwa. Yeye anataka ugonjwa uitwe "tungiasisi", na hoja yake ni kwamba neno limekuja likiwa tayari ni Kiswahili: jipu hutunga usaha, mwanamke hutunga mimba, na mdudu huyu hufanya yote mawili. Nakiri hoja hiyo ina ujanja. Lakini sadfa ya sauti si nasaba, na ukiifuata njia hiyo utajikuta unafafanua kwamba tunga ni ungo na mgonjwa ana ungo mguuni.

Mpinzani wa pili ni kijana mpole, mtaalamu wa mifugo. Alinisalimu vizuri: "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba. Kisha akaniambia, "Ila mzee wangu, hilo neno lako linachekesha. Nikisema kwenye mkutano wa kijiji kwamba mbwa ana tekenya, watu watacheka." Nikamuuliza kama huwa wanacheka akisema ana funza, maana kufunza ni kufundisha, na mbwa mwenye funza angekuwa ndiye msomi wa mtaa. Akacheka yeye. Neno huzoeleka kwa kutumiwa. Nani leo hucheka akisikia papasi?

Na papasi ni shahidi wangu mkubwa, tena shahidi wa hapahapa. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mwanasayansi kutoka Basel, Uswisi, alifika Ifakara, na katika miaka ya 1950 ikaanzishwa maabara iliyokuja kukua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua. Mmoja wa wadudu aliowashughulikia ni papasi, mwenye kujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kueneza homa ya vipindi. Vitabu vya Ulaya vingemweka fungu moja na kupe, kwa kuongeza sifa ya kwamba huyu ni laini na yule ni mgumu. Kiswahili hakikuwa na shida hiyo. Kupe ni kupe, hung'ang'ania ng'ombe siku nyingi. Papasi ni papasi, hupapasa usiku akanyonya akarudi ufani. Aliyewatofautisha kwa majina alikuwa ameshawatofautisha kwa tabia. Chawa, kunguni, kiroboto, utitiri: lugha yenye utajiri huu wa wadudu inaombwa kumtia tekenya kapu moja na buu wa nyama iliyooza, kisha tunaambiwa huko ndiko kurahisisha.

Kwa ugonjwa wenyewe napendekeza utekenya. Kiambishi u- kimeshazoea kazi hii: ukoma, upele, ukurutu, upofu. Mbwa ana tekenya watatu mguuni, anaugua utekenya. Tofauti ya mdudu na maradhi imekaa katika silabi moja, na hakuna aliyepenyezwa. Nililiwasilisha neno hili kwa maandishi mahali panapohusika. Jibu halijanifikia, isipokuwa kwamba katika orodha ya istilahi iliyofuata nilikutana na upenyezwaji.

Wanaosema neno la nyumbani haliwezi kubeba sayansi wautazame mzio. Zamani mzio ulikuwa chakula ambacho mtu hakigusi kwa kuwa kinamdhuru. Leo daktari wa hospitali kubwa hulitumia kwa vumbi, chavua na dawa, na kila mtu anamwelewa. Hata mbwa huugua mzio, na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya mbwa wa Ulaya huuweka mbele kabisa mbwa anapotafuna nyayo. Kwa mbwa anayelala uani Michenga, anza kutafuta nukta nyeusi. Masika ni jambo lingine: maji ya mashamba ya mpunga hulainisha ngozi kati ya vidole mpaka ichubuke, kama ugonjwa wa nyungunyungu unaowatesa wapandaji wa mpunga, na hapo tekenya hana lawama.

Sasa huduma ya mbwa mwenyewe kwa ufupi, maana nafasi inakwisha. Osha miguu kwa maji na sabuni, ikaushe, kagua kati ya vidole kila siku. Miiba na kupe hukaa hapohapo. Usichokonoe tekenya kwa pini uliyotoa kwenye shati. Mafuta mepesi ya silikoni yaitwayo dimetikoni, yaliyojaribiwa kwa watu Kenya na Uganda, hudondoshwa kwenye nukta yakamkosesha mdudu hewa. Kwa mbwa muulize kwanza daktari wa mifugo, akupe pia dawa ya viroboto kulingana na uzito. Oili chafu ya gari ni sumu, naye atailamba. Dawa zako za maumivu zisimguse. Ndoo ndogo ya plastiki iliyotobolewa kitako na kuvishwa shingoni humzuia kutafuna hadi vidonda vikauke. Fagia na unyunyizie maji anapolala, kwa kuwa mayai huangulika katika vumbi kavu, na banda la nguruwe lililo jirani likaguliwe pia. Na mbwa aliyewahi kuumwa na mbwa mwingine, kisha akaanza kutafuna palepale alipoumwa, akabadilika tabia au kudondosha mate, usimkaribie mdomoni: huenda ni kichaa cha mbwa, na anayehitajika ni daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Wanaoandaa toleo lijalo la orodha, ombi langu ni fupi. Mdudu ni tekenya. Maradhi ni utekenya. Funza arudishwe kwenye nyama na mabua yake, na upenyezwaji uachiwe watu wa forodha.