Habari za Kichocho

Wako waliodhani ya kuwa kijana akojoaye damu amekwisha kuwa mtu mzima. Sivyo, ni ugonjwa, tena wa kale. Mwaka 1910 Dakta Ruffer alionyesha mayai ya kichocho katika mafigo ya maiti mbili za Misri, zilizohifadhiwa yapata miaka 3,000. Mnyoo mwenyewe alionwa mjini Kairo mwaka 1851 na tabibu Mdachi, Theodor Bilharz. Lakini njia yake ilikuwa fumbo, hata mwaka 1915 Robert Leiper alipoifumbua huko huko Misri: mayai hutoka na mkojo, huanguliwa majini, wana wake hukua ndani ya konokono, kisha humpenya ngozi aogaye. Leo dawa ipo, prazikwanteli. Lakini akojoaye mtoni huwapelekea jirani zake ugonjwa ule ule, naye mwenyewe akirudi kuoga huupata tena.