Vita vya Kagera au Vita vya Ukombozi? Mgogoro wa Jina na Kumbukumbu

Tunapofundisha msamiati wa siasa katika mwaka wa pili, neno "ukombozi" hutuletea mjadala ambao haumo katika mpango wa somo. Muhula mmoja mwanafunzi aliyetoka Masaka alitunga sentensi ubaoni: "Wakombozi walifika kwetu mwezi wa Februari 1979." Mwenzake wa Arua akanyoosha mkono, akauliza kwa upole, "Mwalimu, walimkomboa nani?" Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Tumeona heri tuliandikie suala hili makala fupi, kwani sisi walimu wa Kiswahili nchini Uganda hatuwezi kulikwepa.

Watanzania huviita Vita vya Kagera. Jina hilo linaanzia mahali waliposhambuliwa wao. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo la kaskazini ya mto Kagera, lenye takriban kilomita za mraba 1,800. Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere alipowahutubia wananchi mwanzoni mwa Novemba alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Hotuba ile bado inatumika madarasani kama mfano wa ufasaha. Vitabu vilifuata upesi, kikiwemo Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai (1980) na utenzi wa Henry Muhanika (1981). Mwanafunzi wetu anayesoma vitabu hivyo tu atadhani kwamba vita vilihusu mpaka. Hata hivyo, vilikwisha tarehe 3 Juni 1979 kwenye mpaka wa Sudan, mbali sana na Kagera. Hilo ndilo lililozua malumbano katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Monrovia, Julai 1979, ambapo Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimlaumu Nyerere kwa kuingilia nchi nyingine. Kwa maoni yetu lawama hiyo ilikuwa nyepesi, maana Umoja huo huo ulikuwa umeshindwa kumlaani Amin alipovamia.

Kwa upande wa Uganda, Kiganda kiliwapokea askari wa Tanzania kwa jina la Kiswahili: bakomboozi. Kilipokea pia "saba saba," jina la mizinga ya roketi iliyosikika kutoka mbali. (Mtanzania akisikia neno hilo hufikiria tarehe 7 Julai na maonyesho ya biashara, mzee wa Mpigi hufikiria handaki.) Masaka ndiyo inayotushangaza zaidi. Mji huo ulitwaliwa tarehe 24 Februari 1979, na majengo yake mengi yakabomolewa kwa kulipiza yale yaliyotendwa Kagera. Magofu yalibaki pale miaka mingi. Na bado mtoto wa Masaka anaandika "wakombozi" bila alama za mtajo, kwa kuwa wazazi wake walipima nyumba zilizoanguka na watu waliokuwa wakitoweka chini ya Amin. Huko Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili, tumewasikia wazee wakitumia "kukomboa" kwa mzaha kwa maana ya kupora, wakikumbuka jinsi maduka yalivyosombwa siku zile. Waporaji wengi walikuwa raia wenyewe.

Waganda waliopigana pamoja na JWTZ nao hawakubaliani. Kikosi Maalum, cha akina Tito Okello na Oyite Ojok, kilimtii Obote. FRONASA ilikuwa ya Museveni. Nani alifanya kazi kubwa zaidi? Jibu hutegemea unamwuliza nani, na mwaka gani. Leo Sikukuu ya Ukombozi nchini Uganda ni tarehe 26 Januari, ukumbusho wa mwaka 1986. Tarehe 11 Aprili haimo katika orodha ya sikukuu za taifa. Mkongwe wa Kikosi Maalum atasema amesahauliwa, na hatujui tungemjibu nini.

Turudi kwa kijana wa Arua. Huko West Nile, nyumbani kwa Amin, mwaka 1979 ulikuwa mwanzo wa kukimbilia Sudan na Zaire. Mwaka 1981 askari wa serikali mpya ya Uganda waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci. Askari wa zamani wa Amin hawakuwa na sherehe wala mnara. Mmoja wao, Bernard Rwehururu, aliandika kumbukumbu zake, zikatoka mwaka 2002, nasi tunapenda zisomwe sambamba na Mzirai. Vikosi vya Amin navyo viliitwa Simba na Chui. Yaani Kiswahili kilitoa amri pande zote mbili za mto, na ndiyo maana nyanya nyingi nchini humu hushtuka wajukuu wanapokizungumza nyumbani.

Sisi tunaamini kwamba utawala wa Amin ulistahili kuondolewa, na hatulifuti neno "ukombozi" ubaoni. Tuliwaomba wanafunzi wale wawili waende wakawaulize watu wa kwao, kisha kila mmoja aandike insha ya kurasa mbili yenye jina la vita hivyo. Wa Masaka alileta "Vita vya Wakombozi." Wa Arua alileta kurasa tano. Mahali pa kichwa cha habari aliandika "1979" tu.