Herufi Moja Kuhesabiwa Mbili

Sisi tufundishao lugha tumezoea kumwuliza mtoto wa darasa la kwanza kwamba neno fulani lina herufi ngapi. Swali hilo jepesi ndilo lililowashinda mabingwa walioitengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Java, na jawabu walilolitoa linawapunja hadi leo baadhi ya ndugu zetu wa Afrika.

Kompyuta haijui herufi; hujua namba tu. Orodha ya Kimarekani ya mwaka 1963, iitwayo ASCII, ilikuwa na nafasi 128, na A kubwa ikapewa namba 65. Herufi ndogo zilikuja kuingizwa mwaka 1967. Kwa Kiswahili cha hati ya Kirumi orodha hiyo ilitosha, maana hata ng' yetu ni n, g na ritifaa. Lakini Kiswahili cha hati ya Kiarabu, kilichoandikiwa tenzi za kale za pwani, hakikuwa na mahali humo.

Java ilipotolewa mwaka 1996 iliahidi kuzipokea hati zote. Ilifuata orodha mpya ya Unicode, na kila herufi ikatengewa biti 16, yaani nafasi 65,536. Ajabu ni kwamba vyombo vyake vya kusomea vilikuwa bado vinapokea baiti moja moja, kana kwamba dunia nzima inaandika Kiingereza. Dosari hiyo ilirekebishwa mwaka 1997 kwa kuleta Reader, yaani Msomaji. Programu humwita, naye hurudisha namba moja kati ya 0 na 65,535. Akirudisha -1, maandishi yamekwisha. Nyuma yake husimama mkalimani anayegeuza baiti kuwa herufi. Mkalimani huyu asipoambiwa baiti zimepangwa kwa utaratibu gani, alifuata desturi ya mashine aliyoikuta, na hivyo é ya Kifaransa iliyoandikwa kwenye mashine moja iliweza kusomwa Ã© kwenye nyingine. Ni mwaka 2022 tu ndipo utaratibu wa UTF-8 ulipofanywa kuwa desturi ya mashine zote.

Mwaka 2002 kikaja kiolesura kingine, CharSequence, na hiki kwa kweli tunakisifu. Hakiulizi maandishi yamehifadhiwa wapi wala vipi. Hutaka mambo machache tu: urefu wake, herufi iliyo katika nafasi fulani, na kipande cha kutoka hapa hadi pale. Chochote kiwezacho kujibu hayo huhesabiwa kuwa maandishi.

Lakini huo urefu ni urefu wa nini? Waliounga Unicode mwaka 1991 walidhani biti 16 zingetosha, na kwa hilo hatuwalaumu. Mwaka 1996 wenyewe waliweka njia ya kuunganisha namba mbili ziwe herufi moja, na mwaka 2001 herufi za kwanza zikawekwa nje ya ule mpaka. Kwa hiyo kiolesura cha 2002 kilizaliwa kikihesabu nusu za herufi, na mpaka ulikuwa umekwisha kuvukwa. Hapo lawama ipo.

Mwaka 2003 iliingizwa hati ya Osmanya, aliyoibuni Osman Yusuf Kenadid kwa ajili ya Kisomali katika miaka ya 1920. Mwaka 2016 ikafuata Adlam ya Wafulani, ambayo ndugu wawili wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walianza kuibuni mwaka 1989 wakiwa wangali watoto. Zote mbili zilipewa nafasi ng'ambo ya mpaka. Programu ikilikata jina la Mfulani bila kuangalia, huenda ikaipasua herufi katikati, na nusu zote mbili zisisomeke.

Java haikuweza kubadili hesabu yake, kwa kuwa programu nyingi mno zilikuwa zimeitegemea. Mwaka 2004 iliongeza njia ya kuisoma herufi nzima, na mwaka 2014 CharSequence nayo ikapewa njia ya kuzipitia herufi nzima nzima. Lakini lazima mwandishi wa programu akumbuke kuziita. Asipokumbuka, hesabu ya zamani ndiyo ijibuyo. Neno la Kisomali af, yaani lugha, lina herufi mbili kwa hati ya Kirumi na mbili kwa Osmanya. Ukiiuliza Java urefu wake, la kwanza itasema 2, la pili itasema 4.